Jinsi ya Kuichukua Pikipiki Gereji Bila Kumuudhi Fundi

Gereji ya pikipiki ina adabu zake, na ya kwanza ni kwamba mteja hachuchumai. Mteja husimama. Huulizwa kama ameshakula, hukabidhiwa ufunguo wenye alama ya dole gumba la oili, husikilizishwa injini inavyonguruma, kisha hutoa pesa. Akichuchumaa kuchungulia chini ya injini, soga hukatika, fundi hujifuta mikono polepole kwa tambara lililokwisha kusahau rangi yake, na waliokaa kwenye benchi hugeuka wote. Amewatangazia, bila kufungua mdomo, kwamba hana imani na fundi.

Mwongozo huu ni wa kuchuchumaa kwa adabu. Unamhusu mwenye Boxer, TVS, Honda au SANLG aliyeiacha asubuhi chini ya mwembe kwa sevisi ya kawaida, yaani oili, plagi, breki na cheni, akarudi saa kumi na kukuta imeoshwa. Jihadhari na kuoshwa. Pikipiki iliyooshwa huonekana imetengenezwa hata kama haikuguswa, na maji yaliyobaki kwenye injini huficha vizuri mno oili inayoanza kuvuja. Omba tambara, ufute, useme unaogopa kuchafua suruali.

Kifaa kinachohitajika zaidi kuliko spana ni tajiri. Kwa asiyejua mambo ya kijiweni, tajiri ndiye mwenye chombo, na dereva humpelekea hesabu kila siku au kila wiki. Uzuri wa tajiri ni kwamba hayupo gereji. Fundi hawezi kumnunia mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo hata kama kadi ya pikipiki ina jina lako, siku ya gereji hakikisha una tajiri, na awe mkali. Wewe binafsi humshuku mtu, lakini tajiri anataka kuona shuu za breki zilizotolewa. Tajiri kasema chupa ya oili irudi nyumbani. Tajiri, bwana, ana matatizo yake.

Kabla ya kukagua chochote, elewa makosa hutokea wapi. Ukimpelekea fundi breki, breki ndiyo anayoifikiria, na kwa kawaida ataitengeneza vizuri. Kinachosahaulika ni kile alichokifungua ili aifikie: ekseli, kebo ya mita, cheni aliyoilegeza gurudumu lipate kutoka. Vitu hivyo havikuwa vibovu, kwa hiyo havimo kichwani mwake. Halafu kuna mgawanyo wa kazi ambao haujaandikwa popote: fundi hufungua, dogo wa spana hufunga. Fundi hufungua kwa sababu ndiye anayejua ugonjwa uko wapi. Dogo hufunga kwa sababu muda huo fundi ameshaitwa kwa mteja mwingine ambaye pikipiki yake inakata moto. Dogo hushikiza nati zote kwa vidole kwanza, na hapo hajakosea, ndivyo inavyotakiwa. Tatizo ni simu inayoita kabla hajazikaza.

Basi usimuulize fundi ametengeneza nini. Muulize amefungua nini, na uulize kwa kumsifu: "Fundi, kumbe kazi ilikuwa kubwa, mpaka gurudumu ulitoa?" Atakutajia kila kitu alichokigusa, kwa fahari na kwa mpangilio. Hiyo ndiyo orodha yako ya ukaguzi, na ameiandaa mwenyewe.

Jambo la kwanza ni la haraka, kwa sababu fundi anataka kukuwashia injini uisikie. Mzuie. Sema una simu ya tajiri, uinamie mashine huku ukiitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee," na uangalie kama ndani kuna oili. Kosa la kumwaga oili chafu na kusahau kuweka mpya hutokea katika gereji zilizo bora kuliko hii ya chini ya mwembe, na ubaya wake ni kwamba injini isiyo na oili huwaka vizuri kabisa. Hunguruma kama kawaida kwa muda mfupi, kila mtu akitabasamu, huku pistoni ikichana silinda. Kama pikipiki yako ina kioo cha oili pembeni mwa injini, isimamishe wima kwenye stendi kubwa, mahali tambarare, utazame. Kama ni ya kijiti, kifute, kirudishe, ukitoe tena; kwa pikipiki nyingi kijiti hukalishwa tu kwenye tundu lake bila kuzungushwa wakati wa kupima. Hapo ndipo uruhusu iwashwe. Iache iungurume dakika chache, izime, subiri dakika nyingine chache oili ishuke, kisha pima upya.

Kipimo nacho kina hadithi yake. Injini nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua lita moja au zaidi kidogo, lakini chupa dukani ni ya lita moja, kwa hiyo hesabu ya gereji ni chupa moja kwa pikipiki moja, iwe inatosha au haitoshi. Yako ikihitaji kile kidogo cha juu, kitadaiwa kwenye injini. Kinyume chake pia kipo: fundi mkarimu anayejaza hadi juu. Oili iliyozidi hupanda kwenye mpira wa kupumulia wa injini na kuingia kwenye kasha la chujio la hewa, nawe unabaki kulalamikia moshi na uzito wa injini, ukidhani umeuziwa petroli mbaya.

Chupa yenyewe itazame. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, ndiyo maana oili ya pikipiki huandikwa JASO MA kwenye chupa. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, na msuguano ndio klachi inaoutegemea. Ikiteleza, utapanda mlima injini ikipiga kelele za kilomita themanini na wewe ukipitwa na baiskeli. Gereji itakuambia sahani za klachi zimeisha.

Sasa dondosha ufunguo. Uangukie usawa wa injini, na uwe mgumu kuuokota. Ukiwa huko chini tafuta boliti ya kumwagia oili. Ipapase kwa kidole. Ikiwa kavu, vizuri. Ikiwa na tone, ifute na uendelee kuutafuta ufunguo kidogo, uone kama tone jingine linakuja. Lakini usidhani boliti iliyokazwa sana ndiyo salama. Boliti ni chuma, tumbo la injini ni aluminiamu, na dogo mwenye kifua na spana ndefu hula nyuzi za aluminiamu bila kujua. Ukiona utepe mweupe au gundi ya gasketi imetokeza kuzunguka boliti, jua kwamba nyuzi zimeshalika na mtu ameamua jambo hilo libaki kati yake na Mungu. Dawa yake ni fundi wa kuchonga vyuma. Safari ya kwenda huko ijadiliwe leo, ukiwa bado hujalipa.

Inuka. Nenda nyuma, upige tairi teke.

Teke la tairi ni kitendo pekee cha ukaguzi ambacho gereji zote zinakiheshimu. Halipimi chochote, ndiyo maana halimuudhi mtu. Ila linakuweka karibu na gurudumu la nyuma, na gurudumu la nyuma ndilo lenye mambo mengi ya kusahaulika kuliko sehemu nyingine yoyote ya pikipiki. Hapo usiwe na haraka. Jifanye unavutiwa na spoku.

Anza na nati ya ekseli. Kama ni ile yenye matundu ya kupitishia pini, pini iwemo na miguu yake iwe imekunjwa. Pini huvunjika wakati wa kufungua, na mpya hugharimu kidogo sana, lakini duka la spea liko ng'ambo ya barabara na jua ni kali. Kwa hiyo utakuta msumari, au kipande cha waya wa kufungia nondo. Msumari hautembei na wewe mpaka Chalinze. Kisha fuata ule mkono wa chuma unaotoka kwenye sahani inayobeba shuu za breki hadi kwenye swingamu. Mkono huu hufunguliwa kila gurudumu linapotoka, na hausikiki, hautikisiki, haudai chochote mpaka siku utakapokanyaga breki kwa nguvu. Kazi yake ni kuizuia sahani isizunguke. Ukiwa haujafungwa, sahani itazunguka pamoja na gurudumu, itaipinda fimbo ya breki, na gurudumu linaweza kukwama ghafla ukiwa kwenye mwendo na abiria nyuma. Shika nati yake. Shika kweli, kwa vidole viwili, ujaribu kuizungusha. Ikizunguka, huhitaji tena adabu, mwite fundi.

Ndugu wa mkono huo yuko mbele. Kwenye pikipiki zenye breki ya dramu mbele, sahani ya breki ina mfereji unaotakiwa kukaa kwenye jino lililo mguuni mwa shokapu. Gurudumu likirudishwa kwa haraka, mfereji hukaa pembeni ya jino, na ekseli hukazwa hivyohivyo. Chungulia.

Cheni. Ishike katikati, sehemu ya chini, uipandishe na kuishusha. Mchezo wa sentimita mbili hadi tatu unatosha kwa pikipiki nyingi za daraja hili. Zungusha gurudumu upime tena mahali pengine, kwa sababu cheni ya zamani haivutiki sawasawa, na iliyolegea hapa inaweza kuwa imekaza kule. Mafundi wengi wanapenda cheni iliyokaza. Inaonekana ya kazi. Lakini pikipiki yako haitabaki tupu kwenye stendi. Itapakia mama na watoto wawili, au mfuko wa saruji, shokapu zitashuka na cheni itavutika zaidi, na kinachoumia ni beringi ya gia ndogo ndani ya injini. Tazama pia alama zilizochorwa kwenye swingamu, kulia na kushoto, kila moja karibu na kirekebishi chake. Zisipolingana, gurudumu limekaa upande, na utaendesha ukidhani barabara ndiyo imeinama.

Kwenye kiungo cha kufungia cheni kuna kilipu ndogo yenye upande mmoja uliofungwa na mmoja wenye mdomo wazi. Upande uliofungwa ndio unaotangulia kule cheni inakokwenda. Mdomo ubaki nyuma. Ikiwekwa kinyume, chochote kitakachoigusa kitaisukuma itoke, kisha cheni itakatikia mahali ambapo hakuna fundi. Kurekebisha ni kazi ya plaizi na muda wa kunywa chai, kwa hiyo usione haya. Sema tu: "Fundi, tajiri alisikia kwamba hii kilipu ina upande wake, ni kweli?" Fundi atacheka, atasema ni kweli, atainama na kuigeuza, na heshima ya kila mtu itabaki palepale.

Shuu za breki zilizotolewa ziombe mkononi. Ni za tajiri. Zikija zimebaki na nyama nene, au zisipopatikana kabisa, una maswali ya kuuliza. Zikija zimekwisha, mshukuru. Kisha tazama mkono mdogo unaovutwa na fimbo ya breki ya nyuma. Ukibonyeza pedali, fimbo na mkono huo vikaribie kukutana kwa pembe mraba. Ukiona mkono umelala mbele sana wakati shuu ni mpya, umerudishwa kwenye jino lisilo lake, na breki itakuwa laini hata ukiikaza kutwa nzima. Mbele, vuta breki ya mkono: ikigusa handeli, bado. Sukuma pikipiki kwa miguu, uivute, isimame.

Taa ya breki huharibiwa na breki nzuri. Fundi akipandisha au kushusha pedali, swichi yake ya nyuma, ile yenye springi, hubaki ilipokuwa. Matokeo ni taa isiyowaka kabisa, au inayowaka saa zote kiasi kwamba walio nyuma yako huacha kuiamini. Weka kiganja nyuma ya taa, ukanyage, uachie. Ukiwa peke yako, tumia ukuta.

Upepo ni jambo jepesi, na kwa sababu hiyo hauulizwi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni paundi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Gereji huweka "wa kutosha". Kama tairi lilitolewa, tafuta mshale uliochorwa ubavuni, uelekee kule gurudumu linakozungukia likienda mbele.

Handeli ina kipimo kimoja ambacho hakihitaji kisingizio, kwa sababu kinafanana na mchezo wa mtoto. Injini ikiwa imewashwa na imetulia, geuza handeli hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Mlio usibadilike. Ukipanda, kebo ya moto imepitishwa pasipo njia yake, labda chini ya tenki ilipokuwa imetolewa, na siku moja utakata kona pikipiki ikikuongezea mwendo bila kuombwa. Piga resi na uachie: mkono wa moto urudi wenyewe, mara moja. Klachi iwe na mchezo mdogo kabla ya kuanza kuvuta. Isiyo na mchezo kabisa inateleza polepole na kuungua.

Chini ya kiti sina mengi. Nyaya za betri zimekazwa, mpira wa hewa wa betri haukubanwa, kiti kimejifunga kweli. Ukikuta spana namba 10, irudishe. Ukikuta boliti ambayo haijulikani imetoka wapi, muulize fundi. Akijibu kwamba hiyo haina kazi, mwambie kwa upole kwamba waliounda pikipiki hii ni wabahili kama yeye, na wasingelipia chuma kisicho na kazi.

Kisha iendeshe. Gereji nyingi zitakuambia imeshajaribiwa, na ni kweli, dogo ameijaribu hadi kwa mama ntilie na kurudi na chapati nne. Tazama geji ya mafuta. Jaribio lako lisiwe la kuzunguka mwembe. Koki ya petroli iliyosahauliwa imefungwa huacha kabureta na mafuta ya kutosha kukutoa gereji kwa heshima zote na kukuzimia mbele, katikati ya daladala. Nenda kilomita chache, bila abiria, kofia ngumu kichwani. Pitia gia zote. Tazama mita: sindano ikilala kwenye sifuri, gurudumu la mbele lilirudishwa bila kebo yake kuingia, na aliyesahau kebo huenda alisahau na kingine, kwa hiyo rudi kachungulie lile jino la shokapu tena. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na dramu za magurudumu, bila kugusa kwanza. Joto kali baada ya safari fupi maana yake shuu zinasugua. Nusa petroli. Tazama chini.

Malipo yafuate baada ya mzunguko huo. Kama fundi ana wasiwasi kwamba utatoroka, mpe nusu na umwachie mfuko wako. Wapo watakaochukia hata hivyo, na hao wana haki ya kuchukia. Ila wapo wengine, si wachache, ambao wakikuona umeinama husogea, wanachuchumaa pembeni yako na kukupa spana mkononi: "Jaribu hii hapa, na hii." Hao humimina oili mbele yako na kukupa pini ya zamani bila kuombwa. Ukimpata wa namna hiyo, mstaafishe tajiri wako na usiombe kupunguziwa bei.

Hata kwake itabidi urudi. Shuu mpya zinajikalisha kwenye dramu, cheni mpya inavutika zaidi siku zake za kwanza, na nati zilizofunguliwa hutulia upya baada ya kupigwapigwa na barabara, kwa hiyo baada ya siku chache breki itakuwa imeshuka na cheni imelegea bila kosa la mtu yeyote. Nenda saa moja asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Ni kazi ya dakika kumi, na mafundi wengi hawaitozi.